Ovaroli Safi ya Jumatatu

Tarehe 3 Machi

Kwa uliyenitangulia,

Sikusalimii. Salamu ni za watu wanaotakiana heri, na wewe hunitakii heri.

Mimi ndiye mke aliyeolewa ulipoondoka. Ningekupigia simu, lakini mume wangu akirudi kazini huichukua simu yangu na kuipekua, na wewe humu ndani hutajwi. Kwa hiyo naandika, na barua anakuletea fundi cherehani wetu, ambaye hufika huko mjini kwenu kununua vitambaa. Usimlaumu kwa kuniambia unapoishi. Nilimbana mpaka akasema.

Huu ni mwaka wa pili niko hapa na tumboni hamna kitu. Mama mkwe haachi kusimulia kwamba ulisimama mlangoni na begi lako ukaapa hakuna mwanamke atakayezaa ndani ya nyumba hii. Nilikuwa simsadiki. Juzi nikafagia uvunguni mwa kitanda, nikakuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha gauni. Kizito ajabu, kikubwa kama ngumi, cha kijivu, kama kitu kilichoyeyushwa kikaganda. Mama mkwe alipokiona alipiga ukelele majirani wakatoka nje. Kitambaa amekitambua, anasema ni cha gauni lako la maua.

Nakuuliza kama mwanamke mwenzangu, umenifunga kwa kosa gani? Mimi sikukufukuza. Nilikikuta kitanda kitupu nikalala. Njoo ufungue ulichokifunga, au niambie kinafunguliwaje. Ukinyamaza nitakuwa nimepata jibu, na nitakuja huko mwenyewe, tena sitakuja kuzungumza.

Mke wa nyumba hii


Tarehe 19 Machi

Bibi harusi,

Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikakaa, kisha nikacheka mpaka dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Hirizi yako ni kizuizi cha mlango! Ule mlango wa chumbani haushiki, upepo ukivuma unagonga ukuta usiku kucha. Mumeo akaleta donge la risasi kutoka kiwandani kwao, hiyo risasi wanayoitoa kwenye betri kuukuu za magari na kuiyeyusha. Mimi nikalivika kitambaa lisichubue sakafu. Gauni la maua lilikuwa limeshachanika. Muulize mwenyewe, halafu lirudishe mlangoni ulale.

Na mlangoni sikuapa chochote. Nilisema "kwaherini", na hakuna aliyeitikia. Ningekuwa na uwezo wa kufunga kitu cha mtu, ningeanza na ulimi wa mama mkwe, wala nisingefika kwenye kizazi chako.

Unanitisha kwamba utakuja. Njoo! Umri wako wote hujawahi kukutana na mtu mwenye hasira kama zangu. Nilikaa nyumba hiyo miaka mitano. Nilinyweshwa mizizi michungu mpaka nikawa natapika nyongo. Nilifukizwa moshi, nilikandwa tumbo na mabibi nisiowajua, nililazwa hospitalini nikachunguliwa kama shimo la maji. Kila mtu alikuwa na la kunipima. Mumeo hakupimwa hata joto. Mwishowe nikaambiwa mti usiozaa hukatwa, na aliyesema anakula ugali niliousonga mimi. Sasa wewe unaniletea habari za hirizi.

Usiniandikie tena. Na kwa kuwa sitaki fundi abebe karatasi ya matusi matupu, nakupa moja la faida. Ovaroli yake usiiloweke na vumbi lake, haitakati. Ikung'ute kwanza uani, ipige kwa nguvu ukutani mpaka ule unga wa kijivu uishe, ndipo uitie kwenye beseni. Kwa njia hiyo hakuna mke wa mfanyakazi aliyewahi kunishinda.

Uliyemkuta ameondoka


Tarehe 11 Aprili

Kwako, dada mwenye hasira,

Umesema nisiandike, naandika. Mimi pia nina kichwa kigumu.

Habari ya donge ni kweli. Mume wangu alicheka akalirudisha mlangoni kwa mguu. Mama mkwe hakucheka. Anasema kizuizi cha mlango hakiwezi kuwa kizito hivyo bila sababu.

Ushauri wako nimeufuata, na sitakunyima haki yako. Jumatatu msimamizi aliwapanga mstari kama kawaida, akawakagua ovaroli mmoja mmoja, wenye uchafu akawarudisha nyumbani kutwa nzima. Akafika kwa mume wangu, akasema mbele ya wote, "Huyu ana mke." Mume wangu alirudi nyumbani anatembea kama aliyeshinda kesi. Napiga chafya kutwa kwa vumbi lile, lakini sikuwahi kusifiwa na mtu yeyote katika nyumba hii, basi nimefurahi.

Sasa nikuambie kilichoniuma, maana huku sina wa kumwambia. Siku zangu zilipotea miezi miwili. Nikamwambia mama mkwe. Mama mkwe akautangazia mtaa mzima, akanikataza hata kuinua ndoo. Wiki iliyopita damu ikaja, nyingi, na daktari akasema haikuwa mimba, hapakuwahi kuwa na mimba. Mama mkwe aliniita mwongo mbele ya wifi zangu. Ameweka kikao cha ukoo mwezi wa nane. Nisipokuwa na kitu tumboni nitarudishwa kwetu, kama wewe.

Mume wangu hanisemi. Kiwandani wanapewa kila mmoja pakiti ya maziwa, bosi anasema yanasafisha kifua. Yeye hayanywi. Ananiletea mimi, yamekaa kwenye mfuko wa ovaroli, anasema ninywe nipate nguvu ya kuzaa. Naikata kwa meno, nainywa mbele yake anatabasamu. Mtu kama huyo hawezi kuwa na kosa. Kwa hiyo kosa ni langu au lako, na wewe umesema si lako.

Naomba uniambie kitu kimoja bila matusi. Ulipokuwa hapa, siku zako zilikuwaje? Na mdomo wako, ulikuwa na ladha ya sarafu? Mimi kila kitu nikila ni kama nalamba sarafu.

Mke wa nyumba hii, kwa sasa


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Leo nakuita hivyo kwa sababu nina hasira ambazo siwezi kuzibeba peke yangu.

Kuna jambo nilikuficha. Nina mimba ya miezi sita. Niliolewa tena kimya kimya na dereva wa lori la maji, mtu wa safari, ndiyo maana bado nakaa kwa dada. Sikutaka habari ifike huko kabla sijamshika mtoto wangu mikononi. Ukimwambia mama mkwe, umwambie. Sina nguvu ya kujali.

Nilipokwenda kliniki, daktari, mama wa makamo, alikuwa ananipima huku namchekesha. Nikamsimulia hirizi yako, donge la risasi na kelele za majirani. Hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Hiyo risasi ilifikaje nyumbani kwako?" Nikamweleza. "Nguo za kazi za mumeo nani alikuwa anafua?" Nikajibu kwa kujisifu, mjinga mimi, kwamba ni mimi na hakuna aliyenishinda. "Ulizifuaje?" Nikamwonyesha kwa mikono jinsi nilivyokuwa nazipiga ukutani. Alifumba macho. Kisha akanitoa damu.

Sikiliza alichosema. Ule unga wa kijivu ni sumu. Unaingia kwa pua na kwa mdomo, unakaa kwenye damu, na baadaye unajificha mifupani miaka na miaka. Mwili wetu unaendeshwa na homoni, ndizo zinazobeba amri kutoka kichwani kwenda kwenye mayai ya mwanamke na kwenye korodani za mwanamume. Risasi inavuruga amri hizo. Kwa mwanamke, siku zinapotea au zinakuja ovyo. Kwa mwanamume, homoni ya kiume inashuka, mbegu zinapungua na zilizobaki zinakosa nguvu. Hakuapa kwamba kwetu sababu ni hiyo tu. Alisema vipimo ndivyo vitakavyosema. Kilichomshangaza ni kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyemuuliza mume wangu wa wakati ule anafanya kazi gani.

Miaka mitano! Mizizi, moshi, matusi, na sumu naifua mwenyewe kwa mikono yangu, tena nashindana na wanawake wenzangu wa mtaani nani ataifua vizuri zaidi! Siku zangu zilikatika nikiwa huko. Na ladha ya sarafu, ndiyo, niliijua, nikadhani ni mizizi. Nilipoondoka zote mbili zikajirekebisha taratibu, nami nikadhani ni raha ya kuwa mbali na mama mkwe. Sasa naambiwa iliyobaki mifupani inaweza kutoka wakati wa mimba ikamfikia huyu mtoto. Natolewa damu kila nikiitwa. Usiku najishika tumbo, natukana watu wasionisikia.

Ule ushauri wangu ufute kichwani. Usikung'ute chochote. Ovaroli isivuke mlango wako, ibaki kazini, na anayetaka zing'ae Jumatatu azifulie huko huko kwa maji na mashine zake. Donge litoe ndani. Maziwa yanayosafiri kwenye mfuko ule usinywe, na usikubali kwamba maziwa yanaosha risasi kwenye damu. Huo ni uongo wa bosi, kwake pakiti ni rahisi kuliko kuwajengea wafanyakazi mabafu ya kuogea. Nenda upimwe damu. Yeye naye apimwe, damu na mbegu. Amefika wakati wake wa kuchunguliwa.

Dada yako


Tarehe 20 Juni

Dada mkubwa,

Mimba! Nililia kutwa, na si kwa furaha yako. Mimi ndiye ninayelala kwenye kitanda kile, na wewe uliyeitwa tasa ndiye mwenye tumbo. Nilikuchukia vibaya. Mama mkwe sijamwambia, na si kwa wema wangu. Nilishindwa kulitamka.

Hasira ilipopoa nikaenda kupimwa damu. Muuguzi aliniuliza nafanya kazi katika kiwanda gani. Nikasema mimi ni mke tu wa nyumbani. Akasoma tena majibu, akaita mwenzake naye asome.

Nikamwambia mume wangu. Hajawahi kunipigia kelele, siku hiyo alinipigia. "Mimi nipimwe? Nipimwe nini, mimi si mwanamume?" Akasema wenzake kiwandani wana watoto. Nikamuuliza wangapi kati yao walizaa baada ya kuanza kazi ile. Akapiga teke beseni, maji yakamwagika mpaka kwa jirani.

Siku nyingi zikapita. Jumamosi iliyopita akarudi macho mekundu. Alikuwa amekwenda peke yake. Akaniambia kwa sauti ndogo, kama vile mama yake amejificha kabatini. Mbegu ni chache mno. Homoni imeshuka. Daktari amemwambia aache kazi ile, huenda mwili ukajirudi, lakini hamwahidi kitu. Akaweka kichwa mapajani mwangu akalia. Nikalia naye. Nikadhani sasa tumekuwa wamoja.

Alipomaliza kulia akasema, "Nisitiri." Kwenye kikao atasema hataki kuniacha, atanitetea kwa nguvu zote, ila ijulikane tatizo ni langu. "Wewe mwanamke, watakuonea huruma. Mimi nitachekwa mpaka kaburini. Na msimamizi akisikia nimepimwa, kazi sina."

Nikamwambia, kazi ndiyo unayotakiwa kuiacha. Akanishika mkono.

Unajua kinachonikera zaidi? Nilitaka kukubali. Hata sasa nataka. Alinishika mkono vizuri sana. Naomba uniambie nisikubali, na uniambie kwa ukali, maana ukisema kwa upole sitasikia.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Usikubali! Ukikubali, usiniandikie tena, maana nitaichana barua kabla sijaifungua.

Wewe angalau amekuomba. Mimi hakuniomba, alininyamazia. Na nakuambia itakavyokuwa, kwa sababu namjua. Atakutetea mara ya kwanza. Ya pili atasema kwa sauti ya chini. Ya tatu atatazama chini na kuchora chora sakafu kwa kidole cha mguu, mama yake akiongea. Siri mtakuwa nayo nyinyi wawili chumbani. Ukoo utakachojua ni kwamba mke ana kasoro, na mke mwenye kasoro anabadilishwa. Hivyo ndivyo nilivyotoka mimi, yeye akichora sakafu.

Mwambie hivi. Aseme ukweli mbele ya watu wake na aache kazi ile. Akifanya yote mawili, kaa naye, mtibiwe pamoja, nami nitakuja kuwapongeza na tumbo langu hili. Akishindwa, sema wewe. Sema kwa sauti, kila neno, usiseme "matatizo ya kiume" ukameza mate. Kisha chukua nguo zako uje. Dada amesema nafasi ipo.

Una haki ya kumpenda. Kumbebea fedheha si sehemu ya ndoa.

Dada yako


Tarehe 25 Agosti

Kwenu nyote wawili,

Najua mko pamoja. Mtu hawezi kujificha ikiwa fundi cherehani anajua aliko.

Wewe mdogo, mke gani anasimama kwenye kikao mbele ya wajomba wa mumewe akataja mbegu? Nilikuwa nimeshamaliza kila kitu. Nilisema nakutaka, sikusema nakuacha. Nilisema tu kwamba tatizo liko upande wako na watuvumilie. Ulichotakiwa ni kuinamisha kichwa, basi, leo ungekuwa kwako. Badala yake ukasema yote, mpaka na jina la kipimo. Mjomba mkubwa alicheka mpaka chai ikamwagikia shati. Mnajua kuchekwa na mtu aliyekulea? Mimi si mtu mbaya. Hata siku moja sikuwainulia mkono. Semeni kama niliwahi.

Kazini maneno yalifika. Msimamizi aliniita, nikamwambia ni chuki za mke aliyeachika akimfundisha mke mwingine. Amenielewa. Sasa amenipandisha, nasimamia tanuri kubwa. Mnaona watu wengine wanavyojua thamani yangu. Maumivu ya viungo ninayo, lakini nani hana.

Wewe mkubwa, nimesikia umejifungua mtoto wa kike. Hongera. Sina kinyongo.

Mama ameshanipatia binti, mtaratibu, ana mikono ya kazi. Ndoa ni mwezi wa kumi. Kwa sasa nguo zangu anafua mama mwenyewe, na maziwa namletea yeye, anasema yanamsaidia usingizi. Mkitaka kuniomba radhi njooni kwa adabu. Kama hamtaki, basi nawaomba jambo moja tu, maneno yenu ya hospitali msiyapeleke kwa mtu yeyote. Nimebakiwa na hii nafasi moja. Niachieni.

Mume wenu wa zamani


Tarehe 9 Septemba

Kwa binti unayetakiwa kuolewa mwezi wa kumi,

Hutujui. Anayekukabidhi barua hii ndiye fundi anayekupima gauni. Amekubali kuibeba kwa sababu ameshawashonea wake wawili wa mwanamume huyo huyo, na ametuambia mkono wake umekuwa mzito. Wake hao ni sisi.

Utaambiwa tuna wivu. Tungekuwa na wivu tungenyamaza, tukakuacha uingie.

Mchumba wako anayeyusha risasi ya betri. Vumbi la kazi yake ni sumu, linavuruga homoni za mwanamume na za mwanamke anayemfulia. Amepimwa, anajua majibu yake, na aliomba mmoja wetu aitwe tasa badala yake. Hatukuambii kwa kusikia. Mmoja wetu alimshika kichwa akilia. Mwingine ana mtoto wa wiki chache ambaye jana tu alichomwa sindano kisiginoni kutolewa damu, ijulikane mama yake alimrithisha kiasi gani. Majibu hayajatoka. Tunakuandikia tukiyasubiri, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Si mtu katili, na hilo ndilo baya lake. Atakuletea maziwa kutoka kazini, utamwona mpole, utampenda. Sisi tulimpenda. Kwa hiyo muulize sasa, kabla hujamzoea, na umuulize mbele ya mama yake na mbele ya baba yako: Umepimwa? Majibu yako wapi? Kazi hiyo utaiacha lini? Akikujibu yote matatu bila kutazama chini, olewa naye kwa amani, ni mwema ndani ya nyumba, nasi tutakutumia zawadi.

Asipojibu, mwambie fundi asiendelee na gauni. Watakutukana wiki mbili. Sisi tulitukanwa miaka.

Huku tunakokaa kimebaki kitanda kimoja. Hatutaki uje kukilalia.

Sisi, wake wawili wa kwanza